Kinyozi Hajinyoi

Mwanzoni mwa mwaka 1922, T. S. Eliot, karani wa benki huko London, alimkabidhi mshairi mwenzake Ezra Pound mjini Paris rundo la kurasa za shairi refu. Pound akashika penseli, akafyeka. Beti nzima nzima zikapigwa mstari, na kila neno la kusitasita likakemewa pembeni. Karibu nusu ya kazi ilikwenda na maji. Mistari 434 iliyobaki ndiyo The Waste Land, shairi lililogeuza ushairi wa Kiingereza. Eliot hakununa, alimtunukia shairi lenyewe na kumkiri kuwa fundi aliyemzidi.

Pound, Mmarekani mzaliwa wa Idaho, ndiye pia aliyewapigia debe James Joyce na Robert Frost majina yao yalipokuwa hayajavuma. Mwaka 1924 akahamia Rapallo, Italia. Huko hakuwa na mwenzake mwenye penseli.

Akajifanya bingwa wa uchumi. Riba, alidai, ndiyo chanzo cha vita, na anayedaiwa hatalishangaa neno hilo. Ila mzigo wote akawatwika Wayahudi, kwa matusi. Januari 1933 Mussolini, dikteta wa Italia, alimpokea Roma, akayagusia mashairi yake: yanafurahisha. Basi. Neno la adabu kutoka kwa mtu mwenye shughuli zake. Pound akaamini kwamba mkubwa amemwelewa kuliko wahakiki wote. Kilikuwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa mchana kweupe.

Kuanzia 1941 hadi 1943 alihutubia kwenye redio ya Roma, kwa malipo, akiishambulia nchi yake iliyokuwa vitani na kuwatukana Wayahudi huku wakiuawa kwa mamilioni. Wapo wanaomtetea kwamba akili zilikuwa zimemruka. Mimi sikubali. Hotuba zile hakuziropoka. Alikaa akaziandika, kisha akasafiri kwenda kuzirekodi.

Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilimtia kizimbani, kizimba hasa, cha chuma, katika uwanja wa kambi ya jeshi karibu na Pisa, juani na mvuani, taa zikimmulika usiku kucha. Alikuwa na miaka 59. Wiki chache tu, akavunjika. Madaktari walisema hafai kusimama mahakamani kujibu shtaka la uhaini, hivyo akakaa miaka 12 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Washington. Mashairi aliyoyaandika katika kambi ile yalipata tuzo mwaka 1949, na ugomvi ukazuka ambao haujaisha.

Aliachiwa mwaka 1958, akarudi Italia, na mwisho akanyamaza karibu kabisa. Mwaka 1967 alimwambia mshairi Allen Ginsberg, aliyekuwa Myahudi, kwamba kosa lake kubwa lilikuwa chuki ile ya kipumbavu dhidi ya Wayahudi. Alifariki Venice tarehe 1 Novemba 1972.

Rasimu ya Eliot, pamoja na alama za penseli ya Pound, ilichapishwa mwaka 1971. Hotuba za Pound za redio zilitoka kitabuni mwaka 1978, zaidi ya 100.