Kuhamisha Sadaka si Kuongeza Sadaka

Baadhi ya jamaa siku hizi huipunguza sadaka ya Dominika ili kuyapelekea mashirika yanayotunza yatima na wagonjwa. Hatuwalaumu. Laurenti shemasi, aliyeuawa Roma mwaka 258, alipodaiwa hazina za Kanisa aliwaleta maskini, ndivyo tulivyopokea. Lakini tuwatazame Mitume. Wajane waliposahauliwa, waliwawekea mikono watu saba wa kuhudumu mezani, wala Neno la Mungu hawakuliacha. Anayeondoa shilingi katika kikapu hiki na kuitia katika kile hajaongeza kitu: yatima amepata, katekista amepungukiwa. Basi tusimnyime huyu ili tumpe yule. Tupunguze kwanza pombe na fahari za arusi zetu, vikapu vyote viwili vijae.