Jibu ni la Nani?

Sisi tunaobaki barazani baada ya ibada tumezoea kulizunguka gazeti moja lenye fumbo la maneno. Mmoja hushika kalamu, wengine huchungulia begani. Je, kumpa mwenzako jibu analolitafuta ni kumsaidia, au ni kumnyang'anya?

Fumbo la namna hii lina hila: sentensi moja hubeba maana ya neno pamoja na mchezo wa herufi au silabi zake. Tulitunga letu: "Geuza mate, uyatoe kinywani." Mmoja akang'amua kwamba "geuza" ni amri, si pambo. Mwingine, aliyekulia pwani akicheza kinyume, akabadilishana silabi: ma-te, te-ma. "Tema!" Jibu hilo ni la nani kati yao?

Yuko mzee wetu aliyekuwa bingwa wa haya kabla ya kupatwa na kiharusi. Siku hizi neno humjia polepole, nasi kwa huruma tukawa tunamtangulia. Jumapili moja aliweka kalamu chini akasema, "Wanangu, mmeniacha nyuma kwa wema." Hakurudi kwa majuma matatu. Twakiri kwamba haikuwa huruma tupu. Ilikuwamo tamaa ya kusikika wa kwanza.

Haraka ina mahali pake. Januari 1942, wakati wa vita, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji kushindana kufumbua fumbo kwa dakika 12. Baadaye baadhi yao waliitwa Bletchley Park, palipofumbuliwa maandishi ya siri ya adui. Walipimwa kila mtu peke yake, lakini kazi waliyoiendea ilifanywa na maelfu, kila mmoja na kipande chake. Huko roho za watu zilitegemea saa. Barazani kwetu hakuna meli inayozama.

Basi tumepatana kwamba aliyeliona jibu ataje dalili tu, neno aliachie. Ndugu mmoja alipinga: kunyamaza hali unajua, si uongo? Tukamjibu kwamba uongo ni kujifanya hatujui, na mzee anajua vema kwamba twajua.

Tulimfuata nyumbani na gazeti. Neno moja la herufi sita lilituchukua karibu saa nzima. Chai ikapoa, na mara mbili ilitubidi tuume midomo. Alipolipata aliliandika mwenyewe, kwa mkono unaotetemeka, kisha akauliza la pili liko wapi.