Mnasihi na Yule Anayemjia

Ndugu msomaji, miongoni mwa kazi ambazo watu huzidhania kuwa nyepesi, kwa kuwa hazina jembe wala nyundo, ni kazi ya kuketi na mtu mwenye shida na kumsikiliza. Siku hizi mwenye kuifanya huitwa mnasihi, na anayemjia huitwa mteja. Neno hili la pili lina harufu ya duka, nami silipendi sana. Lakini limekwisha kuenea, basi tutalitumia. Kwa jina lo lote atakaloitwa, mtu huyo amebeba jambo ambalo pengine hajamwambia hata mama yake mzazi, na analiweka mikononi mwa mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye kuombwa shauri amekabidhiwa amana, na sote twaijua hali ya mwenye kuhini amana mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mkoa wa Kagera unayo sababu ya kuijua kazi hii. Humo ndimo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walimogunduliwa mwaka 1983. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mjini Bukoba karibu robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na virusi. Siku zile dawa haikuwapo. Ugonjwa ulipewa jina la Juliana, na aliyesemwa kuwa nao alizikwa kwa midomo ya watu kabla ya kuzikwa kwa udongo. Kilichobaki kupewa mgonjwa kilikuwa maneno mema na mtu wa kuketi naye. Katika nchi jirani ya Uganda, mwaka huo huo wa 1987, Bibi Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO. Na mwaka 1989 kikaanzishwa chama cha WAMATA huko Dar es Salaam. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali hutolewa bure katika nchi yetu, na leo imethibitika kwamba mwenye kuzimeza sawasawa, hata virusi vyake visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi ya nasaha imekwisha. Sivyo. Dawa ipo, lakini sharti mtu aje kuichukua, naye haji mahali asipopaamini.

Tazama mji kama Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, wilaya ambayo Kyerwa ilitengwa nayo mwaka 2012. Watu wake huuziana kahawa na ndizi, huoana, huzikana. Mnasihi aliyeketi na mtu asubuhi atakutana naye jioni sokoni, na kesho atakuta kwamba ni shemeji wa jirani yake. Si ajabu basi mtu akapanda gari kwenda kupimwa mbali, ambako hakuna ajuaye baba yake ni nani. Mfikirie mjane ambaye kibanja alichoachiwa ndicho chakula cha watoto wake. Neno moja likiponyoka katika chumba cha nasaha, ndugu wa marehemu watapata sababu waliyokuwa wakiitafuta, na migomba aliyoipalilia miaka kumi itakuwa ya mwingine. Aliyeliponyosha neno hilo hakuiba kitu, hakumpiga mtu, alisema tu.

Bwana Anas (r.a.) alipokuwa kijana mdogo akimtumikia Mtume (s.a.w.), siku moja alitumwa haja fulani akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake akamwuliza kilichomchelewesha, naye akajibu kwamba ametumwa na Mtume. Alipoulizwa ni haja gani, alisema kwamba ni siri. Mama huyo hakukasirika. Bali alimwambia asiifichue siri hiyo kwa mtu ye yote. Hivyo ndivyo mtoto na mama yake walivyokuwa. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo imeagiza kwamba mtu apewe nasaha kabla ya kupimwa na baada yake, na kwamba majibu yake ni siri. Lakini sheria haiingii sokoni. Kwa hiyo mnasihi mwenye busara humwambia mteja wake tangu siku ya kwanza: tukikutana njiani nitakusalimu kama ninavyowasalimu wengine, sitakuuliza hali kwa sauti ya chini, wala sitakukwepa. Maana hata kukwepana ni habari kwa wenye macho.

Sasa nakuomba, msomaji mpenzi, utulie kidogo juu ya kisa cha Bibi Barira (r.a.), kwani katika hicho kuna somo ambalo masheikh na wazee wa ukoo tunalihitaji kuliko wanasihi wa hospitali. Barira alikuwa mtumwa akaachwa huru, na mumewe Mughith alikuwa bado mtumwa. Kwa uhuru wake alipata hiari ya kubaki naye au kuachana naye, akachagua kuachana. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Mtume (s.a.w.) alimhurumia, akamwuliza Barira kama hangependa kumrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kwamba hapana, yeye anaombea tu. Ndipo Barira akasema kwamba hamhitaji; na jambo likaishia hapo.

Fikiri ni nani aliyekuwa akiombea, na ni nani aliyekuwa akikataa. Mtume wa Mungu, ambaye neno lake lilikuwa sheria kwa waumini, aliitenga amri na ushauri, akamwachia mwanamke aliyetoka utumwani jana haki ya kuukataa ushauri wake. Hakumnunia, wala hatusomi po pote kwamba alimpunguzia heshima. Nasi je? Mtu akitujia na jambo la ndoa yake, hata hajamaliza kusema tumekwisha kumpa hukumu. Na asipoifuata, twasema amekaidi, na akirudi na shida nyingine twamkumbusha ile ya kwanza.

Wala hili halina maana ya kwamba mnasihi akubali kila kitu. Kijana mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimsogeza karibu, akamwuliza kama angependa jambo hilo litendwe kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Na kila mara kijana akajibu hapana. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Haramu ilibaki kuwa haramu, na kijana aliondoka na heshima yake.

Kuna mipaka mingine ambayo haihitaji maneno mengi. Mwanamume na mwanamke wasifungiwe chumbani peke yao. Waketi mahali wanapoonekana bila kusikika. Mkungu wa ndizi ulioletwa kwa shukrani urudishwe kwa upole, kwani kesho utadai kulipwa. Na mwenye elimu ya dini asijifanye tabibu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na wako walioacha vidonge vyao kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Mtume (s.a.w.) alihimiza watu wajitibu, anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa amebeba mzigo mzito sana.

Limebaki swali lililo gumu kuliko yote. Mume amepimwa, ameonekana ana virusi, na anasema mkewe asijue. Siri ni amana. Lakini na uhai wa mke ni amana pia. Sheria ile ile ya mwaka 2008 inamtaka mwenye kujijua kwamba ameambukizwa amwarifu mwenzi wake. Kwa maoni yangu, mnasihi anayekimbia kwa mke jioni ile ile amekosea, na anayenyamaza mwaka mzima kwa kusingizia siri amekosea zaidi, kwani siri haikuwekwa iwe kaburi la mtu asiye na habari. Njia iliyo sawa ni ndefu. Amwulize mume anaogopa nini hasa: talaka, aibu, au swali la alikoutoa ugonjwa. Amweleze waziwazi, tena mapema, wajibu wake kwa mkewe. Ahakikishe kwamba anaanza dawa na kwamba anamlinda mkewe tangu leo. Wafanye mazoezi ya maneno atakayosema, siku atakayoyasema na mahali. Kama hawezi peke yake, amlete mkewe, wakae watatu.

Na wakikaa watatu, mke akiuliza mumewe alijua tangu lini, mnasihi asilijibu swali hilo. Amgeukie mume, amngoje.