Hofu Yangu, Deni la Nani

Jumapili, tarehe 4 Mei 2014, mabomu yalilipua mabasi 2 kwenye barabara ya Thika, upande wa Kasarani. Watu 3 waliuawa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Siku moja kabla, Mombasa nayo ilikuwa imeshambuliwa. Shambulio la jumba la maduka la Westgate lilikuwa Septemba iliyotangulia. Lakini Jumatatu watu wa Thika, Juja na Ruiru walirudi stejini, wakalipa nauli, wakaenda Nairobi.

Huo tukauita ujasiri. Nauheshimu, ila siamini kwamba hapo ndipo hofu hushindwa. Mwenye kodi ya nyumba Ruiru na kazi Industrial Area hana hiari: asipopanda gari, watoto watalala njaa. Shida humpandisha mtu gari hata akitetemeka. Wala kutetemeka si aibu. Baada ya mlipuko, kuuliza begi lile chini ya kiti ni la nani ni akili timamu.

Hofu ni deni, na anayeogopa hutafuta mwingine wa kulilipa. Mwaka ule aliyelipishwa ni Msomali. Mwezi mmoja kabla ya mabomu hayo, katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, hasa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Magari yetu yalipita hapo karibu asubuhi na jioni. Na ndani ya magari hayo, mama wa buibui aliketi, kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu mpaka pasiwe na kingine. Anayekikwepa kiti kile huenda hajakosa safari hata moja, na bado hofu ndiyo inayomchagulia jirani.

Utaniambia hadhari si ubaguzi. Kweli kabisa. Lakini hadhari hukubali kujibiwa: begi likifunguliwa, shaka inakwisha. Shaka juu ya ukoo wa mtu haina jibu analoweza kulitoa, hata afungue mabegi yote duniani. Hiyo si hadhari tena.

Lakini wapo waliokataa kumlipisha mwingine hofu yao. Mabasi ya Mandera hupitia Thika kabla ya kushika njia ya Garissa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka Nairobi lilivamiwa karibu na El Wak, washambuliaji wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao wasio Waislamu hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Sidhani kuna aliyekuwa ndani ya basi lile bila hofu, maana bunduki zilikuwa mbele yao. Walichokataa ni kumtoa jirani wa kiti awe malipo ya usalama wao.

Sisi wa barabara ya Thika tuliombwa jambo dogo sana kuliko hilo: kuketi kando ya mama yule, kumsalimu, kuipokea nauli yake na kuipitisha kwa kondakta. Hata hilo liliwashinda wengi.