Kuulizwa Si Kuarifiwa

Je, mtu ameulizwa kweli, ikiwa ameombwa shauri juu ya jambo ambalo bado halijui? Swali hili ndilo lililokuwamo ndani ya kesi ya Lamu, pwani ya Kenya, nasi twaona yafaa kulitafakari, kwa maana haliwahusu watu wa Lamu peke yao.

Mwaka 2016 ilitolewa leseni ya mazingira ili kujengwe huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wenye nguvu ya megawati 1,050. Baadhi ya wenyeji wakaipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufani za Mazingira likaifuta. Halikusema kwamba nchi haihitaji umeme. Lilisema, pamoja na mambo mengine, kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria itakavyo: mikutano ilifanywa kabla ya uchunguzi wa madhara kukamilika, na uchunguzi ulipokwisha watu hawakuelezwa ipasavyo yaliyoonekana.

Wako wasemao: "Je, taifa zima liwangojee wavuvi wa kisiwani?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Umeme humwangazia mama anayejifungua usiku, nao huendesha mashine ya kusaga. Yule aukosaye ni maskini pia, naye hana sauti katika mkutano wa Lamu. Wala hatusemi kwamba kila kijiji kiwe na uwezo wa kuzuia lolote kisilolipenda.

Lakini manufaa hayawi ya wote ikiwa baadhi ya watu wamehesabiwa kuwa si kitu. Nuru ya mtambo huenda mbali, bali majivu yake hubaki pale pale. Tena kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mvuvi ajua samaki huzaana wapi na mkondo wa maji waelekea wapi. Kumwuliza si kumfanyia hisani. Ni kujifunza jambo ambalo mhandisi pengine halijui. Na kama mradi ni mwema, hautauawa na ukweli.

Kuna na jambo zito zaidi. Popote mtu anapoitwa mkutanoni, akatia sahihi karatasi ya mahudhurio, kisha ikaandikwa kwamba amekubali, huyo amefanywa shahidi wa jambo asilolishuhudia. Amenyang'anywa neno lake, hata kama shamba lake halijaguswa.

Nasi tusiwatazame wakubwa tu. Baba akisha kupokea arbuni ya shamba, ndipo awaite mke na watoto "kushauriana", amefanya kosa lile lile. Halmashauri ya kijiji ikisha kugawa malisho, ndipo iwaite wafugaji, imefanya kosa lile lile. Shauri huombwa wakati ambapo jibu laweza bado kubadili kitu.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: mkiitwa kuujadili mradi wowote, nendeni. Ombeni kwanza taarifa, katika lugha mnayoielewa. Ombeni muda wa kuisoma. Semeni mjualo bila woga wala hila. Na ninyi wenye madaraka, wapeni watu taarifa hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi. Huenda mtachelewa miezi michache. Lamu ilikaa kesini miaka.