Kanuni ya Nane na Ukweli wa Mwalimu

Je, mwalimu adanganya afundishapo kanuni aijuayo kuwa ina mpaka? Swali hili ni la maadili kabla halijawa la kemia, na mfano wake hauko mbali na Mwanza. Mto Mirongo hupita jijini na kuingia Ziwa Victoria pamoja na uchafu wa mji. Katika uchafu wa namna hiyo mna fosfeti, chakula cha mwani na magugumaji.

Mwaka 1916 Gilbert Lewis, mkemia wa Marekani, alieleza ya kuwa atomu hufungamana kwa kushirikiana elektroni mbili mbili, na kwamba nyingi hutulia zizungukwapo na nane. Mwanafunzi aichorapo fosfeti isiyoshika hidrojeni ana elektroni 32 za kugawa: 5 za fosforasi, 24 za oksijeni nne, na 3 za chaji hasi. Akichora vifungo vinne vya kawaida, fosforasi hupata nane. Akikifanya kimoja maradufu, hupata kumi. Vipimo navyo huonyesha vifungo vyote vinne kuwa na urefu sawa. Basi mchoro wa pili, ukisimama peke yake, hautoshi. Katika salfa heksafluoridi, salfa hushikamana na fluorini sita, na mchoro wa vifungo sita huizungushia elektroni 12.

Hapa hesabu hutengana na kanuni. Jumla ya elektroni haina msamaha: 32 ni 32 katika kila mchoro. Nane ni desturi ya atomu nyingi. Kaboni na oksijeni haziizidi, lakini si sheria ya zote.

Watasema wengine ya kuwa mwanafunzi mchanga hawezi kubeba mipaka, afadhali apewe neno moja jepesi. Wepesi ni hisani, lakini "daima" si neno jepesi kuliko "mara nyingi". Ni neno la uongo tu. Asemaye "mara nyingi, na mpaka wake ni huu" amesema kweli, ingawa mchoro wake ni kivuli cha kitu.

Hasara ya "daima" haiishii ubaoni. Mwanafunzi aliyezoea kuikunja molekuli ili ilingane na kanuni, kesho atapewa chupa ya maji ya ziwa ayapime. Kipimo kikikataa kulingana na alilotarajia, ataikunja namba pia. Na wanywao maji hayo hawatajua.