Kimya cha Muuzaji

Mtu anayeuza kitu chake mwenyewe, bila duka, bila leseni, bila risiti, ana deni gani kwa yule anayekinunua? Ninaposema deni sina maana ya fedha. Nina maana ya maneno. Je, anadaiwa kuyasema yale ambayo hakuulizwa?

Nichukue kitu ambacho vijana wa Bariadi tunauziana siku hizi: kadi ya grafiki. Kwa asiyeijua, ni kile kibao chenye feni mbili au tatu kinachochomekwa ndani ya kompyuta kikafanya kazi ya picha. Bila hicho gemu kubwa hazichezeki, na yule jamaa wa video za harusi atakesha akisubiri kazi moja itoke huku bwana harusi anapiga simu kila baada ya nusu saa. Mpya ni ghali, kwa hiyo tunakwenda na mtumba. Inatoka Kariakoo au Mwanza, inafungwa kwenye boksi, inapandishwa basi, na anayeipokea stendi ameshatuma hela kwa simu tangu jana.

Sasa tuseme ninayo Radeon RX 580 ya gigabaiti 8. Inapiga kazi vizuri. Ila ikifika dakika ya 40, ikiwa imepata moto sawasawa, kioo kinatoa michirizi ya rangi, kisha mashine inazima. (Wapo watakaosema ni Gamboshi. Watu wa mikoa mingine wakisikia Bariadi hawaulizi pamba, wanauliza uchawi wa Gamboshi. Hii si Gamboshi bwana, ni memori iliyochoka au viungo vya chipu vilivyolegea kwa joto.) Anakuja mnunuzi kutoka Mwanhuzi huko Meatu. Namwambia, "Karibu kaka, ijaribu mwenyewe mpaka uridhike." Anajaribu dakika 15, anaridhika, anatoa shilingi 250,000, anapanda gari. Nimesema uongo? Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Kila nilichotamka ni kweli tupu, na mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Wajanja wa mjini watasema hiyo ndiyo biashara, na ukiwabana watakimbilia sheria. Haya, twende huko huko. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, ambayo kwa sehemu kubwa ni mtoto wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inamkaba zaidi muuzaji ambaye kazi yake ni bidhaa za aina hiyo. Mwenye duka la kompyuta hachomoki kirahisi. Mimi ninayeuza kadi yangu moja sebuleni kwangu, napita pembeni. Na Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatenganisha kuficha jambo kwa makusudi na kunyamaza tu. Kunyamaza peke yake kwa kawaida si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomtaka mtu aseme. Mazingira! Neno hilo moja limebeba mzigo wote, na hakimu hayupo sebuleni kwangu.

Ugomvi huu ni wa kale. Mroma Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa mtu, anasimulia wanafalsafa wawili waliobishana. Mmoja ni Diogenes wa Babeli (si yule Diogenes wa kulala kwenye mtungi), mwingine mwanafunzi wake Antipater. Kisa chao ni hiki: kisiwa cha Rhodes kina njaa, mfanyabiashara anafika na meli ya nafaka, na njiani ameziona meli nyingine nyingi zinakuja. Awaambie watu, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Antipater alitaka kila kitu kisemwe. Diogenes akajibu kwamba kuficha ni kitu kimoja na kunyamaza ni kingine, na kama hakuna ruhusa ya kunyamaza basi tusiuziane tena, tugawiane bure. Cicero mwenyewe akaegemea upande wa Antipater.

Mimi kwenye habari za meli nasitasita. Meli zinakuja, kesho zitaonekana na kila mwenye macho. Lakini dakika ya 40 ya kadi yangu haionekani na mtu yeyote isipokuwa mimi niliyekaa nayo. Nikimwambia mtu "jaribu mwenyewe" huku najua jaribio lake halitafika pale ugonjwa ulipo, hayo si mawazo ya Diogenes tena. Nimemchagulia mahali pa kutazama. Tena huyu wa Mwanhuzi akigundua usiku, nauli ya kurudi itakula sehemu ya kile anachokuja kudai. Umbali wake nimeutia kwenye hesabu yangu, nikubali nisikubali.

Kwetu Simiyu jambo hili halihitaji Warumi. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unaishi kwa pamba, na pamba ina somo lake. Wapo wakulima wanaoinyunyizia maji au kuichanganya na mchanga ili ipate uzito. Waulize, watakwambia mnunuzi naye anachezea mizani. Muulize wa mizani, atakwambia pamba ina maji. Kila mmoja ananukuu dhambi ya mwenzake kama hati ya ruhusa. Na anayeumia kwanza ni yule mama aliyeianika pamba yake vizuri, akaichambua fifi na safi kwa mkono wake, kwa sababu bei anayopewa imeshakatwa kufidia maji ya watu wengine. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alieleza jambo hilo hilo kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya katikati, wenye mazima wanaondoka sokoni, mabovu yanabaki. Mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobeli kwa kazi ya aina hiyo. Ndiyo maana kijana mwenye kadi nzima kabisa akiitangaza anatajiwa nusu ya bei, na akilalamika anaambiwa, "Nitajuaje?"

Waislamu nao wanakumbuka siku Mtume alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Utetezi wake huenda ulikuwa kweli. Lakini aliulizwa kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu, watu waione.

Hapo ndipo na kadi zilizochimba sarafu zinapoingia. Kwa miaka kadhaa watu duniani walizifunga kadi kama hizi RX 580 kwa makumi, zikakesha mchana na usiku zikichimba sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao huo ukabadili mfumo, uchimbaji wa kadi ukakoma kwa siku moja, na masoko ya mtumba yakafurika. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu. Feni zimelika na ile dawa ya kupitisha joto imekauka, lakini nyingi zinadunda mpaka leo. Je, nitaje kwamba ilichimba? Hapa hakuna ugonjwa, kuna historia tu. Mimi nasema utaje, kwa sababu mnunuzi angependa kujua, na wewe unajua kwamba angependa. Ukijikuta unatafuta namna ya kutoulizwa, jibu umeshalipata.

(Wale wanaochukua kadi kuukuu na kubadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, hao siwajadili. Huo ni wizi, hauna falsafa. Pakua GPU-Z uitazame kadi kabla ya kutoa hela.)

Lakini tusimwonee muuzaji peke yake, maana mnunuzi naye ana kimya chake. Mjane anauza kompyuta ya marehemu mumewe kwa shilingi 80,000, hajui kwamba ndani imelala kadi ya laki tano. Kijana anaifungua, anaona, anaifunga, anasema, "Mama, punguza kidogo." Wengi wetu tunayemlaani mwenye kadi ya dakika 40 tungemsifu huyu kwa macho makali. Cicero yule yule anamtaja Scaevola, aliyetajiwa bei ya shamba akasema lina thamani zaidi, akaongeza sesterti 100,000 juu yake. Watu wa zama zake walikubali kwamba ni mtu mwema, ila wakamwona hana akili ya biashara. Mimi simtaki kijana wetu awe Scaevola. Namtaka asiombe apunguziwe.

Limebaki moja ambalo linanisumbua kuliko yote. Tuseme nimesema kila kitu. Nimemwambia dalali wa stendi: kadi hii inazima ikipata moto, ndiyo maana naitoa kwa 90,000. Anacheka, ananishika bega, "Umesomeka mwanangu," anaibeba. Najua kabisa kwamba kesho atamuuzia mtu wa Maswa kwa 230,000, na neno la moto halitasafiri naye. Nimeshalipa deni langu, au nimekodi mdomo wa mtu mwingine uninyamazie? Rafiki yangu mmoja anasema umesema, umemaliza, huwezi kuwa mlinzi wa kila mdomo. Mimi nimechukua kalamu ya rangi isiyofutika, nikaandika nyuma ya kibao, pale stika inapoishia: INAZIMA IKIPATA MOTO. Dalali aligeuza, akasoma, akataka nishushe hadi 60,000.